Ustahimilivu wa ufa katika feleji: tunachoweza na tusichoweza kuuliza mtandao wa nyuroni

Waheshimiwa viongozi, wahandisi wenzangu, mafundi wa karakana, na ninyi wanafunzi mliofika kwa wingi hapa Dodoma, nawashukuru kwa kunialika. Mada niliyopewa ni matumizi ya mitandao ya nyuroni katika kukadiria ustahimilivu wa ufa wa feleji. Nitataja hoja yangu mapema ili kila mmoja aipime kadiri ninavyoendelea. Mtandao wa nyuroni, yaani programu ya kompyuta inayojifunza kutokana na mifano, unaweza kutusaidia kwa dhati katika kazi hii, lakini jibu lake lina thamani pale tu linapokuja pamoja na kiwango cha shaka yake, na pale feleji tunayouliza habari zake inapofanana na zile ambazo mtandao ulifunzwa kwazo. Kwa nchi ambayo vipimo vya aina hii bado ni vichache, maana yake ni kwamba kupima na kuandika vizuri kunatangulia, na kompyuta inafuata.

Nguvu ya feleji sote tunaifahamu: ni mkazo ambao chuma hiki kinaweza kuubeba kabla ya kupinda bila kurudi, au kabla ya kukatika. Ustahimilivu wa ufa ni sifa nyingine kabisa. Unajibu swali hili: ikiwa ndani ya chuma tayari kuna ufa, ni mzigo kiasi gani utakaoufanya ufa huo ukimbie? Feleji yenye nguvu kubwa inaweza kuwa na ustahimilivu mdogo, na mara nyingi ndivyo ilivyo, kwa sababu ile hali ya chuma kulainika kidogo na kunyumbuka kwenye ncha ya ufa, ambayo ndiyo huuzuia, hupungua kadiri tunavyokifanya kiwe kigumu. A. A. Griffith aliuweka msingi wa somo hili mwaka 1921 kwa kupima vioo, na mwaka 1957 George Irwin, akiwa katika maabara ya jeshi la majini la Marekani, akatupatia kipimo tunachokitumia hadi leo. Katika bamba pana lenye ufa katikati, kipimo hicho ni mkazo ukizidishwa kwa kipeuo cha pili cha zao la pai na nusu ya urefu wa ufa. Kikifikia thamani ambayo ni ya feleji yenyewe, bamba hupasuka. Thamani hiyo ndiyo ustahimilivu wa ufa, na huandikwa kwa MPa√m, yaani megapaskali (MPa), kizio cha mkazo, mara kipeuo cha pili cha mita.

Tuitumie kanuni hiyo kwa jambo lililo karibu nasi. Tangu Julai 2024 treni za abiria za SGR zinafika hapa kutoka Dar es Salaam. Reli za kisasa huchomelewa mfululizo kwa kilomita nyingi bila kuachiwa nafasi ya kutanuka. Reli ya namna hiyo inapopoa haiwezi kufupika, kwa hiyo hujivuta yenyewe, na kila nyuzi moja ya Selsiasi inayoshuka huongeza mkazo wa karibu MPa 2.4. Tuseme reli imefungwa ikiwa na joto la nyuzi 38, kisha ikapoa hadi nyuzi 13 katika alfajiri ya Julai, joto ambalo wakazi wa Dodoma wanalijua vizuri. Tofauti ya nyuzi 25 inazaa mkazo wa MPa 60 kabla gurudumu lolote halijapita. Tukijumlisha mkazo wa gurudumu na ule uliobaki ndani ya chuma tangu kiwandani, tuchukue jumla ya MPa 150 kwa ajili ya hesabu. Feleji ya reli ina kaboni nyingi, na ustahimilivu wake kwa kawaida uko kati ya 30 na 50 MPa√m. Kwa thamani ya 35, nusu ya urefu wa ufa wa hatari ni takriban milimita 17; kwa thamani ya 50 ni takriban milimita 35. Umbo halisi la reli lina kigezo chake kinachobadilisha tarakimu hizi, lakini uwiano unabaki: ustahimilivu ukitoka 35 kufika 50, ufa unaoweza kuvumiliwa huongezeka maradufu. Ndiyo maana kukosea kidogo katika kukadiria sifa hii si kosa dogo. Na katika saa ile ile ya baridi ambapo mvuto ndani ya reli unapanda, ustahimilivu wa chuma unashuka.

Kwamba joto linabadilisha tabia ya feleji, dunia ilijifunza kwa gharama. Tarehe 16 Januari 1943 meli ya mafuta Schenectady ilipasuka karibu vipande viwili huko Portland, Marekani, ikiwa imefungwa gatini na maji yametulia. Meli nyingine kadhaa za vita zilizoungwa kwa kuchomelewa zilipasuka pia, na wengi walilaumu uchomeleaji. Constance Tipper wa Cambridge alionyesha kwamba feleji yenyewe ilikuwa inageuka kuwa ya kuvunjika kama kioo inaposhuka chini ya joto fulani. Maungio yaliyochomelewa yaliruhusu tu ufa uvuke kutoka bamba moja hadi jingine. Miaka ishirini na zaidi baadaye, tarehe 15 Desemba 1967, daraja la Silver Bridge juu ya mto Ohio lilianguka na kuua watu 46, na chanzo kilikuwa ufa mdogo katika kiungo kimoja cha mnyororo wa daraja.

Sasa mtu atauliza kwa haki: kwa nini tukadirie, kwa nini tusipime tu? Jibu ni kwamba kipimo chenyewe ni kizito. Ili kipimo cha Irwin kiwe halali, kanuni rasmi za upimaji zinataka unene wa sampuli usipungue mara mbili na nusu ya mraba wa uwiano kati ya ustahimilivu na mkazo wa kupinda. Kwa feleji yenye mkazo wa kupinda wa MPa 400 na ustahimilivu wa 200 MPa√m, unene unaotakiwa ni milimita 625, yaani zaidi ya nusu mita. Hakuna bamba la kawaida lenye unene huo, na mashine ya kulivuta ingekuwa kubwa kupita kiasi. Zipo njia nyingine zinazotumia sampuli ndogo, lakini nazo zinahitaji kuanzisha ufa halisi kwa kuutikisa mzigo maelfu ya mara, kisha kupima kwa vifaa nyeti mdomo wa ufa unavyofunguka. Kwa sababu hiyo viwanda vingi hupima kwa nyundo ya Charpy, iliyobuniwa mwanzoni mwa karne ya 20: kijiti cha feleji cha milimita 10 kwa 10 kwa 55, chenye mkato wa milimita 2, hupigwa na nyundo inayobembea, na tunasoma ni jouli ngapi zimemezwa. Ni kipimo cha haraka na cha bei nafuu, nami nakiheshimu sana. Hata hivyo mkato wa kifaa hauna ncha kali kama ufa, na pigo la nyundo si mzigo wa polepole, kwa hiyo jouli za Charpy haziwezi kuingizwa moja kwa moja katika hesabu ya ufa. Wahandisi wametunga kanuni nyingi za kuvuka kutoka jouli hadi MPa√m, na kila kanuni ina kabila lake la feleji ambalo kwalo inafaa.

Hapo ndipo mtandao wa nyuroni unapoingia. Watu wengi siku hizi wanausikia chini ya jina pana la akili mnemba na kuudhania kitu cha ajabu, kumbe kwa kazi yetu ni mlinganyo mrefu wenye vigezo vingi vinavyoweza kurekebishwa. Tunaupa tunachokijua kuhusu feleji: kiasi cha kaboni, manganisi, silikoni, nikeli, kromi, molibdeni, salfa na fosforasi, joto na muda wa kuichoma na namna ilivyopozwa, ukubwa wa punje zake, yaani fuwele ndogo zinazokiunda chuma, mkazo wake wa kupinda, joto la siku ya kipimo. Kila kiingizo huzidishwa kwa uzito wake, jumla zinapitishwa katika mkunjo laini, matokeo yanajumlishwa tena, na mwishoni inatoka namba moja. Tunailinganisha na namba iliyopimwa, tunarekebisha uzito kidogo kidogo kuelekea upande unaopunguza tofauti, na tunarudia. Mtandao mdogo wenye viingizo 12 na nyuroni 8 za katikati una vigezo 113 vya kurekebisha. Iwekeni akilini namba hiyo, kwa sababu nitairudia.

Faida yake iko katika mambo yanayotegemeana. Chukueni fosforasi. Athari yake haiko peke yake: feleji yenye kromi na nikeli ikikaa muda mrefu katika joto la kati ya nyuzi 375 na 575 hivi, au ikipozwa polepole kupitia eneo hilo, fosforasi husogea hadi kwenye mipaka ya punje na kuilegeza, na feleji ambayo jana ilikuwa imara inapasuka kufuata mipaka hiyo. Molibdeni kidogo hupunguza tatizo, manganisi na silikoni huweza kulizidisha. Mlinganyo wa mstari mnyoofu unaoipa fosforasi adhabu moja isiyobadilika hauwezi kulieleza jambo hili, kwani adhabu inategemea madini mengine, joto na muda. Mtandao wa nyuroni unaweza kuunasa uhusiano wa namna hii bila mtu kuuandika mapema, mradi data iwe na mifano yake.

Lakini namba moja haitoshi, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibika. Katika eneo la joto ambapo feleji ya kawaida inahama kutoka kupasuka ghafla hadi kunyumbuka, sampuli zilizokatwa kutoka bamba moja, zikapimwa siku moja kwa joto moja, hutoa majibu yanayopishana sana. Si uzembe wa mpimaji. Mpasuko huanzia katika punje au chembe moja dhaifu iliyo karibu na ncha ya ufa, na ni bahati ya sampuli kama chembe hiyo iko karibu au mbali. Kim Wallin wa Finland alionyesha kwamba mtawanyiko huu unafuata utaratibu ule ule kwa feleji nyingi, na kwamba thamani ya katikati hupanda na joto kwa mkunjo wenye umbo moja, unaosogezwa tu kushoto au kulia kufuata joto la rejeo la kila feleji. Katika joto hilo la rejeo thamani ya katikati kwa sampuli ya unene wa milimita 25 ni 100 MPa√m. Tukitumia utaratibu wake, asilimia 5 ya sampuli zitapasuka chini ya takriban 62, na asilimia 5 zitavuka takriban 135. Feleji ni moja, bamba ni moja.

Tafakarini maana yake kwa mtandao uliofunzwa kwa njia ya kawaida ya kupunguza mraba wa kosa. Utajifunza kutoa wastani. Utasema 100, na kitakwimu utakuwa umefanya vizuri, lakini mhandisi wa daraja au wa bomba la mvuke haishi na wastani. Anaishi na ile sehemu ya chini, anataka kujua 62. Kwa hiyo naona ni wajibu wetu kuufunza mtandao utabiri mtawanyiko wenyewe. Njia iliyo safi zaidi, kwa maoni yangu, ni kuuacha mtandao ukadirie joto la rejeo kutokana na mchanganyiko na historia ya feleji, kisha mkunjo unaojulikana na utaratibu wa mtawanyiko vifanye kazi iliyobaki. Hivyo hatuuombi ugundue upya kutoka katika data chache jambo ambalo fizikia imeshatupatia.

Hatari ya pili ni ya udanganyifu usiokusudiwa. Tuseme mwanafunzi amekusanya vipimo 200 vya sampuli zilizokatwa kutoka mabamba 15. Anavichanganya, anachukua 160 vya kufunzia na 40 vya kujaribia, na anapata ulinganifu mzuri mno. Mtandao wake ni kama mtahiniwa aliyepewa mtihani uliojaa maswali aliyokwisha kuyakariri: karibu kila sampuli ya majaribio ina ndugu zake wa bamba lile lile ndani ya mafunzo, na mtandao umelitambua bamba badala ya kuielewa feleji. Kumbukeni vigezo 113. Mbele ya mchanganyiko wa madini, mwanafunzi huyu hana mifano 200. Ana mifano 15. Jaribio la haki ni kuyaweka kando mabamba mazima, au bora zaidi miyeyusho mizima ya tanuri, na kuuliza mtandao habari za chuma ambacho haujawahi kukiona hata kwa sampuli moja. Alama zitashuka, mara nyingine kwa kiasi cha kukatisha tamaa, na alama hizo zilizoshuka ndizo za kweli. Ninyi mnaosimamia tafiti za wanafunzi, nawasihi msipokee kazi yoyote ya aina hii kabla hamjauliza data iligawanywaje.

Tatu ni suala la mtandao kujua mipaka yake. Mwaka 1995 Harshad Bhadeshia na David MacKay wa Cambridge, pamoja na Lars-Erik Svensson, walichapisha kazi kuhusu ustahimilivu wa pigo, ule unaopimwa kwa nyundo ya Charpy, katika maungio ya feleji yaliyochomelewa kwa umeme, wakitumia mitandao iliyojengwa kwa njia ya Bayes. Katika njia hiyo uzito wa kila kiungo hauchukuliwi kuwa namba moja iliyothibitika, bali kundi la thamani zinazowezekana, nyingine zaidi na nyingine kidogo. Pale ambapo data ni nyingi, thamani hizo zinakubaliana na jibu linakuja na shaka ndogo. Pale ambapo data haipo, zinatofautiana, na shaka inapanuka yenyewe mbele ya macho ya mtumiaji. Leo watu wengi hupata matokeo yanayokaribia hayo kwa kufunza mitandao kadhaa kwa mianzo tofauti na kuangalia inapishana wapi. Njia yoyote kati ya hizi inakubalika. Kisichokubalika ni programu inayotoa 87.4 kwa sauti ile ile ya uhakika, iwe imeulizwa feleji inayoijua au feleji ya kabila jingine.

Baada ya hapo inabaki kuuhoji mtandao kwa maswali ambayo majibu yake tunayajua. Ukipandisha joto la kipimo, ustahimilivu unapanda? Ukiongeza salfa, ambayo huungana na manganisi na kufanya chembe ndefu zinazofungua matundu, unashuka? Punje zikiwa ndogo, joto la kugeuka linateremka? Mtandao unaokosea maswali haya utupwe, hata kama alama zake za jumla ni nzuri.

Nirudi nyumbani. Feleji inayotumika kujenga hapa kwetu hutoka katika viwanda vingi vya nchi tofauti, na hati inayoambatana nayo mara nyingi ina mchanganyiko wa madini, nguvu ya mvuto na, tukibahatika, Charpy kwa joto moja. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, linapita katika ukanda wetu huu wa kati kupitia Singida na Dodoma. Maungio ya mabomba ya shinikizo la maji katika mitambo ya umeme, matangi, madaraja ya chuma, vyote hivi vina nyufa ndogo au vitakuja kuwa nazo, na mkaguzi atakayeuona ufa wa milimita 6 atahitaji kujua kama ni wa kurekebisha wiki hii au wa kufuatilia hadi mwaka ujao. Mtandao uliofunzwa kwa feleji za viwanda vya Ulaya unaweza kumpa mwanga, ila mchomeleaji, fimbo ya kuchomelea na mpoo wa hapa ni wa hapa. Nalifikiria pia chuma cha Liganga kule Ludewa. Mawe yake yana vanadi na titani, na kiasi kitakachobaki ndani ya feleji kitategemea namna ya kuyeyusha. Vanadi hata kwa kiasi kidogo sana huimarisha feleji na inaweza kupunguza ustahimilivu wa eneo lililopata moto wa kuchomelea. Siku feleji hiyo itakapotoka tanurini, hakuna mtandao wa nje utakaokuwa na haki ya kuisemea bila vipimo vyetu.

Kwa hiyo nina maombi mahususi. Kila karakana na kila maabara inayovunja sampuli, hata kama ni ya Charpy tu, iandike namba ya myeyusho wa tanuri na bamba, mchanganyiko kamili wa madini pamoja na salfa na fosforasi, upande ambao sampuli ilikatwa kulingana na mwelekeo wa kufinyangwa kwa bamba, joto la kipimo, unene, na sura ya mpasuko, kama ulimetameta au ulikuwa na nyuzinyuzi. Matokeo mabaya yaandikwe kwa uangalifu sawa na mazuri, kwa maana mtandao usioona feleji dhaifu hautaitambua itakapokuja. Sampuli za maungio zitofautishwe na za bamba lenyewe. Na mtandao ukishakuwapo, tuutumie kwanza kuchagua kipimo kinachofuata: pale shaka yake ilipo pana zaidi ndipo fedha yetu chache ya kupima inapopaswa kwenda, na baada ya kila kipimo ufunzwe upya.

Wanafunzi mnaotafuta mada za mwaka wa mwisho, kazi hii haihitaji kompyuta kubwa. Mtandao wa vigezo 113 unafunzwa kwa dakika chache katika kompyuta ya mkononi. Inahitaji msumeno, nyundo ya Charpy, chombo cha barafu, daftari, na uvumilivu wa kwenda kwa mafundi kuomba vipande vya mabamba pamoja na hati zake. Nakaribisha maswali, na ningependa tuanze na wenzetu wa karakana.